Je, Dieudo Ana Watu? Kutoka Bunia Hadi Ayalandi na Kurudi

Tangu nirudi hamnipi nafasi. Nikiwa sokoni nachagua nyanya, mnaniuliza. Nikitoka misa, mnaniuliza. Juzi kwenye matanga ya jirani yetu kuna mtu alinivuta kitenge akaninong'oneza, "Mama Esther, ni kweli jua ya kule haizamaki?" Kwa hiyo nimeamua kuandika mara moja tu, msome wote, halafu mniache nipike maharage yangu kwa amani. Habari za viza na karatasi siziandiki. Aliyewahi kuzihangaikia anazijua, na ambaye hajawahi, Mungu amwepushe.

Wengi wenu mnamkumbuka mdogo wangu Dieudo. Alikwenda Ayalandi kusomea ng'ombe wa maziwa, akapata kazi kwenye shamba moja la kijijini, akabaki. Miaka yote hiyo mama alikuwa akiongea naye kwa simu kwa sauti ya pole, kama anaongea na mgonjwa: pole mwanangu, ubarikiwe mwanangu, ule vizuri mwanangu. Mwaka juzi, kwao kukiwa na baridi kali, mama alimuuliza watu wa huko wanamtendea namna gani. Dieudo akajibu, "Mama, batu bote banisalimiaka muzuri. Muzuri sana." Kisha akalia.

Mama hakuipenda simu ile hata kidogo. "Kusalimia ni kitu gani?" alisema. "Hata mugeni anasalimiwaka. Mi nataka kujua kama iko na batu." Tangu siku ile hakutulia mpaka nilipokubali kwenda. Maneno aliyonituma nayo yalikuwa mafupi: "Umuangalie na macho yako. Kama iko na batu, umuache. Kama hana, umurudishe hapa, tutakula chenye tuko nakula." Dieudo naye alikubali. Alisema atafuata nitakachoamua mimi, yaya yake, yaani dada yake mkubwa. Mnaniona nacheka nikisimulia, lakini nilipanda gari nikiwa na maisha ya mtu mikononi, na nilikuwa naogopa.

Bunia, Fataki, Mahagi

Shofere wetu aliitwa Pascal, mtu mnene mwenye utani mwingi na breki chache. Nilikaa mbele, kati yake na mama mmoja wa Mahagi. Mama yule alipojua ninakokwenda aliniangalia juu mpaka chini.

"Unavuka bahari juu ya kuangalia mutu mukubwa vile? Si akutumie picha?"

"Picha inachekaka kila siku, mama," nikamjibu.

Akafikiri kidogo, akasema nina haki, akanipa nusu ya parachichi lake.

Tulipokaribia Fataki niligeuza uso nitazame nje. Kwetu ni pale, juu ya kilima. Tulitoka pale mbio, na wengi wenu mlitoka makwenu hivyo hivyo, kwa hiyo sina haja ya kueleza sana. Vijana walikuja na fimbo na mapanga, wakiimba, na sauti yao niliisikia kabla sijawaona. Dieudo alimbeba mama mgongoni mpaka barabarani. Mikalitusi ya marehemu baba bado imesimama, niliiona kutoka garini, lakini kama kuna mtu analima chini yake sikuweza kujua. Pascal aliona uso wangu, akazima redio bila kuambiwa. Mbele kidogo lori lilikuwa limekwama katikati ya matope, tukakaa pale mpaka jioni tukila mahindi ya kuchoma na kutoa ushauri kwa watu waliokuwa wakilisukuma. Mtajua wenyewe kwamba washauri walikuwa wengi kuliko wasukumaji.

Kampala na angani

Barabara ya Uganda ni laini mno. Wenzangu waliniahidi kuniamsha Pakwach nione mto Nile, kisha wao wenyewe wakalala wakikoroma. Nimevuka Nile, lakini msiniulize ina rangi gani.

Ndani ya ndege shida ilikuwa samaki. Nilikuwa nimembebea Dieudo samaki wakavu wa ziwa Albert, nimewafunga kwa mifuko mitatu na kitenge, nikawaweka juu ya kichwa changu mle mnamowekwa mizigo. Ndege ilipopata joto, samaki nao wakapata sauti. Watu wakaanza kunusa, mmoja akaangalia viatu vyake, mwingine akamwangalia mtoto wake. Mimi nikafumba macho nikajifanya nasali, na baada ya muda nikawa nasali kweli. Huko Dubai, nilipobadilisha ndege, nilitembea ndani ya kiwanja cha ndege mwendo wa kutoka kwetu mpaka soko kuu na kurudi, bila kuona mtu hata mmoja anayeuza ndizi.

Dublin mpaka Kildarra

Dublin afisa mmoja alifungua mfuko wangu. Nilijua samaki wangu wameisha. Aliwanusa, akarudisha kichwa nyuma, akaniuliza ni wa nani. Kwa Kiingereza changu cha kuungaunga nikasema ni wa mdogo wangu. Akafunga mfuko polepole, akasema mdogo wangu ana bahati. Sijui kama alikuwa anatania, lakini alinitakia safari njema, na afisa kunitakia safari njema ni kitu kipya kwangu.

Kwenye basi la kwenda magharibi alikaa nami mama mmoja mwenye nywele nyeupe na koti jekundu. Kabla hatujatoka mjini alikuwa ameniuliza natoka wapi, naenda kwa nani, huyo ndugu anafanya kazi gani, ana ng'ombe wangapi. Sasa nyinyi mnajua. Kwetu mtu akikuuliza hivyo, ujue ametumwa. Nikaona nimpe uongo mdogo apoe. Nikasema naenda kwenye harusi.

Ndiyo nikawasha moto! Mama yule alifurahi mpaka akanishika mikono. Harusi ya nani? Ya ndugu yangu. Ndugu gani? Na mimi, mjinga, uongo ukaniishia pale pale, nikasema Dieudo. Akapiga kelele: "Dieudo wa Kildarra? Wa maziwa?" Kumbe yeye ni wa kijiji kile kile. Basi lote likageuka. Shofere alinipongeza kwa kipaza sauti.

Dieudo alikuwa ananingoja kituoni. Alinikumbatia, akaninusa, akasema, "Yaya, unanukia Albert," tukalia wote wawili kwenye manyunyu ya mvua. Kesho yake alirudi kutoka kukamua ng'ombe na uso wa kuchoka. Kila mtu aliyekutana naye njiani alimuuliza bibi harusi ni nani, na mwenye shamba alikuwa ameshamwambia achukue wiki ya mapumziko.

"Yaya, weye uliwaambia nini?"

Nilimwambia. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaenda kuwaambia watu hakuna harusi. Mimi nilishukuru kumwona anacheka, ila niliandika moyoni: hapa watu ni wapole na wanapenda habari, lakini upole bado si jibu la mama.

Siku za kwanza

Jirani wa Dieudo anaitwa Nora. Ni mjane, miaka yake ni themanini na kitu, anaendesha gari lake mwenyewe na hapunguzi mwendo kwenye kona. Yeye ndiye aliyenionyesha nchi.

Mniamini, ni nchi nzuri. Ni ya kijani mpaka macho yanapumzika. Kila shamba lina ukuta wa mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, na ukuta haudondoki. Dereva akikutana na dereva mwingine kwenye njia nyembamba, anainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, na salamu imekwisha. Nilimuuliza Nora kama huyo aliyeinua kidole anamfahamu. Akasema hapana, lakini huwezi kumpita mtu kama unapita jiwe. Walinipeleka pia kwenye bonde ambako wanakata udongo mweusi, wanaukausha kwa upepo, kisha wanauchoma jikoni kama makaa. Majirani wanakwenda pamoja, leo wa huyu, kesho wa yule. Nilivua viatu nikapanga ule udongo pamoja nao, mgongo ukauma, tukanywa chai palepale nyasini na mkate wa nyumbani wenye siagi nene kama kidole. Ndege mdogo alikuwa anaimba juu sana, hata sikumwona. Nilisahau kabisa kwamba nimetumwa.

Jua ndilo lililonidanganya. Siku ya kwanza Dieudo aliniachia jikoni, nikasema nitapika ikianza kuwa giza, kama kawaida. Nikangoja. Nikafua, nikafagia, nikasali, nikaangalia nje: mchana. Dieudo akawa anapitapita karibu na sufuria bila kusema kitu, kwa heshima. Saa nne za usiku jua bado liko juu ya ukuta, naye njaa ikamshinda.

"Yaya, tunafunga juu ya nani?"

Mvua nayo. Nora alisema asubuhi fulani tutakwenda kuona bahari. Mvua ikanyesha, kwa hiyo mimi nikarudi kitandani, maana kwetu mvua ikinyesha hakuna ahadi. Nikasikia honi. Nora yuko nje, kofia kichwani, maji yanamtiririka puani, anashangaa kwa nini nimevaa nguo za kulalia. Nilimwambia mvua inanyesha. Akaangalia juu, kama mtu anayeambiwa jambo geni, akasema, "Ndiyo." Tukaenda. Tulitembea juu ya majabali, bahari inapiga chini, tumelowa mpaka ndani, na Nora akinionyesha maua madogo ya rangi ya waridi yanayoota kwenye mawe. Sijawahi kulowa vile na kufurahi.

Lakini nilikuwa namwangalia Dieudo. Anasalimiwa, ndiyo. Dukani wanamuuliza hali ya ng'ombe. Kanisani wanampa mkono. Nikajisemea, hata mimi ambaye nimefika juzi wananipa mkono. Kama tofauti yake na yangu ni hiyo tu, nitamwambia nini mama?

Uwanjani

Jumapili Dieudo alitangulia asubuhi. Alisema kuna mchezo wa mwisho kati ya parokia yao na parokia ya jirani, nami nitakuja na Nora. Kule kila parokia ina timu yake, na unachezea ile uliyokulia. Hakuna anayelipwa. Mmoja ni fundi umeme, mwingine mwalimu, mwingine mkamuaji, na Jumatatu anarudi kazini na kidole kimevimba. Hayo nimeyajua baadaye. Mimi nilifikiri ni mpira wa miguu.

Tulikuwa tumeshuka garini, Nora anafunga vifungo vya koti lake zuri. Ghafla, kutoka nyuma ya nyumba moja fupi, wakatoka vijana wengi wanakimbia, wamevaa kofia za chuma, kila mmoja ana fimbo mkononi, wanapiga kelele kwa sauti moja.

Miguu yangu haikuniuliza. Nilimkamata Nora mkono, nikamvuta, tukapita kati ya magari, tukaruka mfereji, sijui mama wa miaka ile aliurukaje, tukajitupa nyuma ya ukuta wa mawe. Nikamlaza kichwa chini kwa kiganja changu. Nilikuwa nasema kwa Kiswahili, "Usiinuke, mama, usiinuke," na yeye, asiyejua neno hata moja la Kiswahili, hakuinuka.

Nora alikaa kwenye matope na koti lake la Jumapili, amenishika mkono. Baada ya muda akatoa pipi ya mnanaa mfukoni, akanipa. Ukishika pipi mdomoni huwezi kuendelea kupiga kelele, nadhani alijua. Kisha akasema polepole, kwa maneno mepesi ili nielewe: "Ni mchezo. Zile fimbo ni za kupiga mpira." Akangoja, akaongeza: "Dieudo naye alikimbia. Mara ya kwanza alikimbia mpaka shambani, akajifungia."

Sikujua. Hakutuambia. Nora alisema baada ya siku ile Dieudo hakutoka tena ila kwa kazi, msimu wote wa baridi. Watu waliona haya, hawakujua wamwambie nini, kwa hiyo wakawa wanamsalimia vizuri zaidi. Ile simu aliyomlilia mama ni ya wakati ule. Nora akaanza kwenda kwake kila jioni kukaa tu. Ikafika siku akambebea koti jeupe la marehemu mume wake, alilokuwa akilivaa kusimamia goli. Alimwambia hahitaji kugusa fimbo wala mpira. Asimame tu pembeni mwa nguzo za goli, aangalie, awaambie ukweli.

Nikachungulia juu ya ukuta. Uwanja wa kijani, watu wanakula aiskrimu. Kwenye goli kulikuwa na mtu wa koti jeupe, na mimi nilidhani ni daktari wa kuhudumia majeruhi. Mtu yule akainua bendera ndogo nyeupe juu ya kichwa chake. Alikuwa Dieudo.

Tulirudi tumejaa matope, na hakuna aliyetucheka, ingawa waliotuona walikuwa wengi. Nora alinieleza: mpira ukipita kati ya nguzo, juu ya mti wa goli uliolala, Dieudo anainua bendera nyeupe, pointi moja. Ukiingia chini, bendera ya kijani, pointi tatu. Ukienda nje, anatandaza mikono. Jamani, mchezo ule! Mpira wa ngozi, mdogo kama chungwa, unapigwa kutoka upande mmoja wa uwanja mpaka wa pili. Mtu anaruka katikati ya fimbo tatu, anaudaka kwa mkono mtupu, anautupa, anaupiga kabla haujagusa chini, huku mwingine ameshamwangukia mgongoni. Wanaanguka, wanasimama, wanapeana mkono, wanakimbia tena. Dakika kumi nyuma nilikuwa nimelala matopeni nikingoja kufa, na sasa nilikuwa nimesimama juu ya benchi napiga vigelegele. Watu walivipenda vigelegele, wakaniomba tena.

Mwishoni parokia yetu, nasema yetu, ilikuwa nyuma kwa pointi moja. Mpira ukampata Declan, kijana mrefu mwekundu anayekamua ng'ombe pamoja na Dieudo. Akaupiga juu sana. Ulipita juu kabisa ya ncha ya nguzo, na uwanja mzima ukainua mikono.

Dieudo alikuwa chini ya nguzo, kichwa amekielekeza juu. Aliangalia. Kisha akatandaza mikono. Nje.

Refa akapuliza filimbi. Mchezo umekwisha, tumeshindwa.

Kelele iliyotokea sitaisahau. Mtu mzima mmoja alimuuliza Dieudo macho yake ameyaacha wapi. Mwingine alimwita kipofu. Declan alitupa fimbo chini, akamjia mpaka pua zikakaribia kugusana, akimnyooshea kidole angani. Dieudo hakurudi nyuma. Alikuwa anatikisa kichwa tu: nje, nje, nje. Nora ndani ya gari hakunisemesha njia nzima, isipokuwa mara moja: "Ulipita ndani." Na hakuinua kidole kwa dereva yeyote.

Mezani kwa Dieudo

Nilifika nyumbani nikiwa nimeshaamua. Watu aliowapata kwa shida vile amewapoteza kwa mpira mmoja. Nilivuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda, nikaanza kukunja mashati yake. Dieudo aliingia, akaona, akasimama mlangoni.

"Yaya, unafanya nini?"

"Tunarudi. Batu yako imeisha leo. Nimesikia kwa masikio yangu namna banakutukana."

"Unga ya bugali iko wapi?" akauliza. "Nina njaa."

Nikaona huzuni imemvuruga. Nikateleka maji, nikapika bugali ya unga niliobeba kutoka Bunia, na samaki wa Albert waliosafiri kwa aibu. Nilikuwa nageuza bugali mlango ulipofunguka. Hodi hakuna. Declan aliingia moja kwa moja, nywele bado mbichi kwa jasho, akaanza kugomba kabla mlango haujajifunga.

Nilishika mwiko kwa mikono miwili, nikasimama mbele ya mdogo wangu.

Declan aliutazama mwiko. Akasema jambo haraka haraka, Dieudo akacheka.

"Anasema ungecheza leo, tungeshinda."

Kisha wakaendelea kugombana. Declan alichukua chupa ya chumvi na chupa ya pilipili, akazisimamisha mezani ziwe nguzo. Akatwaa kiazi kutoka kwenye kikapu, akakipitisha juu yake: ndani! Dieudo akakichukua kiazi kile kile, akakipitisha upana wa kiganja pembeni: nje! Ndani. Nje. Sauti zinapanda. Mimi uvumilivu wangu mnaujua ulivyo mfupi. Nikaweka bugali katikati ya nguzo, pwaa, nikasema kwa Kiswahili, "Kama munagombana, mugombane mumekaa."

Declan alielewa bila kutafsiriwa. Alivuta kiti bila kuonyeshwa kiti kiko wapi. Alinawa, akakata tonge, akachovya mchuzi, akameza, akaendelea kumwambia Dieudo kwamba ni kipofu. Alikula sahani ya kwanza akigomba. Akasukuma sahani kwangu nimwongezee, hakusema hata tafadhali. Wakati wa sahani ya pili Nora akaingia na mkate moto, amebadilisha koti. Hakumsalimia Dieudo. Alimwambia kwamba mume wake, Mungu amrehemu, angeinua bendera. Kisha akakata mkate, kipande kikubwa kuliko vyote akakiweka mbele ya Dieudo, pamoja na siagi.

Waliondoka jua likiwa bado kwenye ukuta. Hakuna aliyekubali chochote. Mlangoni Declan aligeuka akasema kesho saa kumi na moja asubuhi yeye atawaleta ng'ombe, Dieudo awashe mashine. Kama kuna kipofu anaweza kuwasha mashine.

Dieudo alikusanya sahani, na alikuwa anatabasamu.

"Yaya, mwaka ya kwanza nilikuwa nakosea mambo mingi. Nilifungulia ng'ombe ya mutu barabarani. Nilivunja mashine. Wote wanasema tu: hakuna shida, Dieudo, hakuna shida. Sauti nzuri. Nilikuwa naingia nyumbani naumia. Leo umesikia?"

"Nimesikia."

"Mbele ya batu yote."

Nilimwangalia mdogo wangu, mikono yake ndani ya maji ya vyombo. Ni kweli, mgeni hagombezwi. Mgeni akimwaga maziwa unamwambia si kitu. Wa kwako akimwaga, utamsikia mama mpaka mtaa wa pili. Nilirudi chumbani nikatoa mashati kwenye sanduku, moja moja, nikayatundika. Nilikuwa na furaha, na nililia pia, maana kila shati nililotundika nilijua ni mimi nimemwacha.

Nyumbani

Safari ya kurudi haina mengi. Mfuko wangu ulinukia sabuni, hakuna aliyeangalia viatu vyake. Pakwach nililala tena.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake nje ya mlango. Alitazama nyuma yangu, kuona kama kuna mtu anashuka na sanduku la pili. Hakuna. Aliniacha ninywe maji kwanza, akauliza.

"Iko na batu?"

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mambo mengi, koti jeupe, ukuta, ule udongo wa kuchoma. Nikajikuta nasema, "Mama, banamutukana."

"Banamutukana?"

"Bote. Na kijana mumoja aliingia bila hodi, akamutukana mbele yangu, akakula sahani mbili."

"Aliomba ya pili?"

"Hakuomba. Alisukuma sahani tu."

Nikamsimulia mchezo, kiazi na nguzo za chumvi na pilipili. Alicheka, kisha akachukua pembe ya kitenge chake akajifuta macho kwa muda mrefu, na mimi sikumwambia anyamaze. Mtoto aliyepata watu harudi, mama anajua hilo kuliko mimi.

Halafu akanyoosha mkono. "Mupigie."

Nilipiga. Dieudo alipokea, akasalimia kwa adabu kama kawaida, akangoja baraka zake za kila siku. Mama alijisogeza mbele kwenye kiti. Ile sauti ya pole aliyokuwa akimsemesha nayo miaka yote hii sikuisikia. Nilisikia sauti yake ya Fataki, ile ya kutuita kutoka shambani.

"Weye, Dieudo! Macho yako iko wapi? Mupira ya batoto ya batu inaingia, weye unasema haikuingia? Nilikuzaa kipofu?"

Kisha nikamsikia mdogo wangu, huko mbali kwenye mvua yake, anacheka na kupiga kelele kwa nguvu zote, "Mama, ilitoka inje!"

"Iliingia!" mama akasema, na wakaendelea hivyo mpaka chaji ikaisha.